Kushangilia Nchi ya Watu

Leo nataka tuzungumze mpira. Sitasoma matokeo wala msimamo wa ligi, kazi hiyo wenzangu wa michezo wamekwisha kuifanya. Nataka tuzungumzie ushabiki, tena ushabiki wa mgeni: mtu aliyetoka Bukavu, Uvira, Bujumbura au Cyangugu, akafika Malawi na mzigo wake mmoja kichwani, na siku moja akajikuta amesimama juu ya benchi, sauti imemkauka, anaishangilia timu ambayo baba yake hakuwahi hata kuisikia.

Nimeleta habari hii kwa sababu kuna swali linalorudi kila msimu hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Vijana wanavaa jezi nyekundu ya Flames, timu ya taifa ya Malawi, wanapita nayo sokoni, na wazee wanawauliza: ninyi mna kwenu, mnawezaje kushangilia nchi ya watu? Ni swali la haki. Anayeliuliza amepoteza shamba, nyumba na makaburi ya wazazi, na anaogopa asije akapoteza na watoto. Kwa hiyo sitalijibu kwa mzaha.

Kwanza tukumbuke kwamba hatukuja mikono mitupu. Mtu wa Bukavu anaijua Kadutu na uwanja wake wa Concorde, na anajua siku Muungano wanapokutana na Dawa mji unakuwaje. Mtu wa Katanga amelelewa na TP Mazembe, mabingwa wa Afrika mara tano, na hata leo ukimtajia Desemba 2010 atakusimulia jinsi Mazembe walivyowafunga Internacional wa Brazil 2-0 kule Abu Dhabi na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, na jinsi kipa Kidiaba alivyokuwa akirukaruka kwa makalio uwanjani kwa furaha. Mrundi ana Vital'O yake, iliyofika fainali ya Kombe la Washindi Afrika mwaka 1992. Mnyarwanda ana Rayon Sports. Sisi sote tulifika hapa tukiwa mashabiki waliokomaa, wenye nyimbo, wenye matusi yetu ya uwanjani, wenye matarumbeta na ngoma, na wenye imani zetu kuhusu kilichofukiwa golini usiku wa kuamkia mechi.

Ndiyo maana mambo ya Malawi yalitushangaza. Mara ya kwanza nilipoingia Bingu National Stadium, ule uwanja wa Lilongwe uliojengwa na Wachina na kufunguliwa mwaka 2017, wenye nafasi ya watu 40,000 na kitu, nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Kelele zilikuwapo. Lakini kilichonishika masikio ni uimbaji. Upande wetu palikuwa na akina mama waliojifunga vitenge, mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, wanaume wanaingia chini kwa sauti nzito, na wimbo unagawanyika sauti tatu au nne kama wote wametoka mazoezini. Kisha mstari mzima unaanza kucheza, hatua mbili kulia, hatua mbili kushoto, makofi, nao hawautazami tena mpira kwa dakika nzima. Mimi niliyezoea kwamba shabiki ni mtu wa kubishana na mwamuzi, nilisimama tu nikiwatazama. Jirani yangu, baba wa makamo mwenye kofia ya sufu siku ya jua kali, alinimiminia mkononi karanga za kukaanga kutoka kwenye karatasi iliyokunjwa, bila hata kugeuka kuniangalia, akaendelea kuimba. Hakuniuliza natoka wapi. Timu yetu ilipofungwa akaniambia "pepani, achimwene", pole ndugu yangu, kama vile msiba ulikuwa wangu.

Huo ndio ushabiki niliokutana nao hapa. Nisije nikaupaka rangi nzuri kupita kiasi: wapo wanaorusha chupa, wapo wanaovamia uwanja, na timu kubwa zinapokutana polisi hawapumui. Hata hivyo msingi wake ni kwaya. Watu wamelelewa kanisani, na shuleni wameimba tangu wakiwa wadogo, kwa hiyo wakikaa watu ishirini pamoja sauti zinajipanga zenyewe. Kwa mgeni hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu kuingia kwenye mabishano ya mpira kunahitaji lugha, na Chichewa changu wakati ule kilikuwa cha kununulia nyanya tu. Kuingia kwenye kiitikio kunahitaji sikio. Kabla ya mapumziko nilikuwa naitikia maneno ambayo sikuwa najua maana yake.

Sasa, kwa wageni wapya, nieleze kidogo ramani ya mapenzi ya nchi hii, maana ukikosea utapata shida. Timu mbili kubwa zote ni za Blantyre, mji wa kusini. Ya kwanza ni Big Bullets, wekundu, iliyoanza mwaka 1967, ambayo mashabiki wake wanaitwa Maule. Imebadilisha jina kila ilipobadilisha mfadhili: imekuwa Bata Bullets, na wakati wa Rais Bakili Muluzi ikawa Bakili Bullets, na ni kwa jina hilo iliingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2004. Ya pili ni Mighty Wanderers, ya mwaka 1962, buluu, na mashabiki wake ni Manoma. Hawa wawili wanaitana neba, yaani jirani, na neno hilo wakilitamka ana kwa ana utalisikia limejaa kila kitu: dharau, utani, na mazoea ya miaka mingi. Anayetoka Dar es Salaam awafikirie Simba na Yanga, ataelewa upesi. Lilongwe ina timu zake pia, kubwa ikiwa Silver Strikers, timu ya Benki Kuu ya Malawi, yenye uwanja wake Area 47. Silver walichukua ubingwa wa nchi mwaka 2024 baada ya kuungoja tangu 2013. Mimi nimewachagua Silver, kwa sababu rahisi: ndio walio karibu. Kutoka Dzaleka hadi Lilongwe ni kilomita 45 hivi, na mtu wa kambini hawezi kupanga mapenzi ya Blantyre.

Lakini jambo lililotufunga kweli na nchi hii ni Flames, na hapo nataka nikae.

Januari 2022, Kombe la Mataifa ya Afrika lilichezwa Kamerun. Kongo haikufuzu. Burundi haikufuzu. Rwanda haikufuzu. Hebu fikiri kambi hii, ambayo wakazi wake wengi ni wa nchi hizo tatu, mashindano makubwa ya bara yanaanza na hakuna hata bendera moja ya nyumbani. Malawi ilikuwemo, kwa mara ya tatu tu katika historia yake, baada ya 1984 na 2010. Mechi ya kwanza wakafungwa 1-0 na Guinea, na wengi wetu tukasema basi, yameisha. Ya pili wakawafunga Zimbabwe 2-1, mabao yote mawili ya Gabadinho Mhango. Ya tatu wakatoka 0-0 na Senegal, Senegal ile ile iliyokuja kuchukua kombe, na kama mwamuzi asingeufuta mkwaju wa penalti aliokwisha kuwapa Malawi, baada ya kurudi kwenye televisheni ya pembeni, huenda historia ingeandikwa vingine. Flames wakavuka makundi kwa mara ya kwanza. Wakapangiwa Moroko.

Mechi ilikuwa tarehe 25 Januari. Siku moja kabla yake dhoruba ya Ana ilikuwa imeingia kusini mwa Malawi, imebomoa nyumba na madaraja, imeharibu bwawa la umeme la Kapichira, na umeme ukakatika karibu nchi nzima. Kwa hiyo vibanda vya mpira vilivyozoea kujaza watu vilikuwa giza, isipokuwa kwa mwenye jenereta au sola. Sisi tulikusanyika uani kwa jirani yetu mmoja, redio ya betri juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtangazaji anatangaza kwa Chichewa, na kijana mmoja aliyezaliwa hapa hapa kambini akituwekea Kiswahili: "Anao Mhango… yuko mbali bado… anapiga!" Halafu akanyamaza kutafsiri. Hakukuwa na haja. Ilikuwa dakika ya saba, Mhango alikuwa mbali kabisa na goli, na mpira ulikwenda ukaingia kwenye pembe ya juu. Ua wote uliruka. Mama aliyekuwa akipepeta mchele aliacha ungo. Kutoka upande wa kijiji cha wenyeji, ng'ambo ya mashamba ya mahindi, tulisikia mayowe yale yale yakitujia na upepo, na vijana wetu wakayajibu.

Moroko walisawazisha kabla ya mapumziko kupitia En-Nesyri, na kipindi cha pili Hakimi akapiga mpira wa adhabu uliokwenda moja kwa moja wavuni. 2-1. Safari ikaishia hapo. Asubuhi yake nilikwenda sokoni, na wauzaji wa Kimalawi wanaokuja Dzaleka kuuza mboga walikuwa wakiongea nasi habari za mechi kama watu wa nyumba moja wanavyoongea baada ya mazishi. Mmoja alilaumu ukuta, mwingine alimlaumu kocha, na sisi tulilaumu nao. Na nawaambieni, wazee wangu, huko kulaumu pamoja ndiko kulikonifanya nijue kwamba nimekwisha kuwa shabiki. Mtazamaji hufurahi timu inaposhinda na kuzima redio inapofungwa. Shabiki huamka na maumivu.

Ukiwa shabiki unarithi na misiba. Tarehe 6 Julai 2017, sikukuu ya uhuru, Bullets na Silver walikuwa wacheze Bingu, na watu walikwenda alfajiri kwa sababu kiingilio kilikuwa cha bure. Milangoni palitokea msongamano, watu wanane wakafa, wengi wao watoto. Kila nikipita kwenye mageti yale nawakumbuka, na naomba kila mzazi anayenisikia, Mmalawi au mkimbizi, asimwache mtoto aende peke yake kwenye mechi ya bure. Maskini ndiye anayefika mapema, na ndiye anayekandamizwa.

Kuhusu wasichana nitasema kwa ufupi, ingawa wanastahili kipindi chao. Timu ya wanawake ya Malawi, Scorchers, ilichukua kombe la COSAFA mwaka 2023 kwa kuwafunga Zambia 2-1. Tabitha Chawinga, aliyekulia Rumphi kaskazini, alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Italia msimu wa 2022–23 akiwa na Inter; mdogo wake Temwa akafunga mabao 20 Marekani mwaka 2024 na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi yao. Usisahau pia netiboli, ambayo kwa akina mama wa Malawi ni mchezo wa kwanza, na jina la Mwai Kumwenda linajulikana hadi Australia. Nimewaona mabinti wa Dzaleka wakigombania kuwa Temwa kwenye kiwanja cha vumbi, na hakuna aliyewauliza Temwa ni wa nchi gani.

Sasa nigeuze upande. Mwanzoni mwa 2024, kombe lilikuwa Ivory Coast, Malawi hawakufuzu, na safari hii Kongo ilikuwemo. Leopards waliwatoa Misri kwa penalti, kipa Lionel Mpasi akipiga ya mwisho yeye mwenyewe, wakawatoa Guinea 3-1, wakaingia nusu fainali dhidi ya wenyeji. Kambi haikulala. Na vibanda vyetu vilijaa Wamalawi. Walikuja wa vijiji vya jirani, walikuja na baiskeli, wakakaa nasi, wakafundishwa nyimbo zetu, wakacheza ndombolo kwa namna yao, hatua mbili kulia na mbili kushoto. Mgeni alikuwa amekuwa mwenyeji.

Kabla ya ile nusu fainali, tarehe 7 Februari, wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wa Kongo walifunika midomo kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kwenye kichwa, mfano wa bastola. Kwetu haikuhitaji maelezo. Wengine walitoka nje kulia. Mmalawi mmoja kijana aliyekaa nyuma yangu aliuliza kwa sauti ya chini kile kitendo maana yake nini, na mwanamke mmoja wa kutoka Masisi akamweleza pale pale, mpira umeanza, kwa Chichewa kizuri kuliko changu: kwamba ndivyo watu wa mashariki ya Kongo wanavyouawa, na dunia imefunga mdomo. Alimtajia vijiji. Kijana yule hakutazama tena televisheni kwa muda mrefu. Kongo wakafungwa 1-0, bao la Haller, na alipoondoka alimpa yule mama mkono kwa kupiga goti kidogo, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, heshima ya kwao.

Kwa hiyo jibu langu kwa wazee ni hili. Kuishangilia Malawi hakujanipunguzia Bukavu hata kidogo. Wamalawi walioimba na sisi Februari ile walikuja kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuimba nao Januari ya Moroko. Anayekataa kushangilia na jirani asishangae siku jirani asipojua kwa nini analia.

Ila kuna upande wa pili, nao hauhusu wazee. Dzaleka imekuwa kambi tangu 1994. Ilijengwa kwa watu 10,000 hivi, sasa wamepita 50,000, na humu wamo vijana wa miaka thelathini ambao hawajawahi kukanyaga Kongo wala Burundi. Hawa ni mashabiki wa Flames bila kiambishi chochote. Lakini Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka pembeni vipengele kadhaa, vikiwemo vya ajira, vya uhuru wa kutembea na cha kuwarahisishia wakimbizi kupata uraia. Mwaka 2023 serikali iliamuru waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Kutoka hapa kunahitaji kibali. Na sheria ya uraia ya nchi hii inamtambua mtoto kwa uraia wa mzazi, haimtambui kwa mahali alipozaliwa, kwa hiyo kijana wa Dzaleka mwenye miguu ya Mhango, aliyezaliwa humu wilayani Dowa, anayeota kwa Chichewa, hawezi kuitwa kwenye timu anayoishangilia. Shirikisho la soka la dunia linataka pasipoti, na hana.

Najua nchi hii ni maskini na imebeba mzigo wetu miaka mingi. Nasema kwa shukrani, na nasema kwa sauti. Kiwanja chetu cha vumbi kina vipaji. Malawi imefika Kombe la Mataifa mara tatu. Wanaotunga sheria wakae siku moja pembeni ya kiwanja kile Jumapili jioni, watazame, wahesabu.

Mwisho, kwa mnaopata kibali cha kwenda Lilongwe kwa mara ya kwanza wikiendi hii. Ondokeni mapema, minibasi zikijaa nauli hubadilika. Karatasi zenu mziweke mfuko wa ndani, msizikunje. Kama ni Bullets na Wanderers, msivae nyekundu wala buluu mpaka mjue mnakaa upande gani. Mkiingia, tafuteni walipo akina mama wanaoimba, mkae nyuma yao. Hapo hapana fujo. Mkipewa karanga, pokeeni kwa mikono miwili. Na Silver wakicheza Area 47, upande wa jua huwa na nafasi, mtanikuta huko.

Kwaherini, hadi juma lijalo.